Santuri Isiyo na Jina Iliyowaita Majirani

Jumamosi. Mvua ya alasiri imetuhurumia leo. Mawingu yamepita upande wa msituni yakatuachia jua.

Ndiyo maana nilitoa mashine ya santuri nje, kando ya ukuta wa jikoni. Nyinyi mnaosoma blogu hii (mko wachache, na hata nyinyi nawaogopa) mnajua kazi yangu: narekodi kwa simu zile santuri za marehemu Kuka, babu yangu, ambazo hakuna mtu anayezitafuta. Ile ya bwana anayefundisha kupanda mahindi kwa mistari. Ile ya kwaya ambamo mtu anapiga chafya katikati ya ubeti wa pili. Mimi siongei kamwe kwenye rekodi. Naweka sindano, nasogea pembeni.

Leo nilichagua moja iliyobanduka karatasi yake. Haina jina. Kumbe ni isukuti, ngoma na pembe, safi kama imepigwa jana. Nikafurahi, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Mimi nimelelewa Lurambi, mjini. Huku kijijini Malinya nimekuja likizo kumwangalia Kukhu, nyanya yangu, ambaye ametoka hospitali na bado analala mchana. Isukuti ya harusi naijua. Ya matanga sikuwahi kuitofautisha.

Majirani wanaitofautisha.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Khayesa, mikono kichwani. "Uuwi! Kukhu ametuacha!" Nyuma yake wanawake wengine, halafu mzee mmoja na shoka, akiuliza kuni za matanga zikatwe wapi.

Nilipaswa kusema kitu. Badala yake nikatazama mlango wa Kukhu, haukufunguka, na niwaambie ukweli, hata mimi niliamini. Nilidhani nimemwitia kifo kwa mikono yangu.

Kisha mlango ukalia. Kukhu akatoka, leso begani, nywele zimelala upande mmoja.

"Mnamlilia nani?"

Ngoma tu ndizo zilizoendelea.

"Wewe," Mama Khayesa akajibu, mikono bado kichwani.

"Basi lia vizuri. Hicho ni kilio cha mtu aliyepoteza kuku."

Mzee wa shoka alicheka mpaka akakaa chini. Mama Khayesa akanigeukia: "Na wewe mtoto, mnachezanga ngoma ya matanga kwa boma iko na mgonjwa?"

"Sikujua, Mama. Nisameheni."

Ni maneno machache, lakini sijawahi kusema hata hayo mbele ya watu wengi hivyo.

Waombolezaji hawakurudi kwao. Walikunywa chai na marehemu wao mpaka giza likaingia, na Kukhu akamaliza sahani nzima ya obusuma, ugali wetu, jambo ambalo hajafanya tangu atoke hospitali. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe huku machozi yananitoka, na sikuwa na huzuni yoyote.

Nilidhani Kukhu ataniambia nifunge sanduku la santuri. Badala yake ameniambia niiweke hii kwa blogu, ila niwaonye watu kwanza.

Kwa hivyo ukiifungua, kabla ya ngoma, utasikia sauti mbili. Ya kwanza inatetemeka, ni yangu: "Hii ni isukuti ya matanga." Ya pili iko karibu mno na simu.

"Lakini hakuna aliyekufa. Mimi niko."

Nimeisikiliza sehemu hiyo tu, tena na tena. Ngoma bado sijazifikia.