Nilisugua Mawe, Baba

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukumpenda mtu anayekuja na salamu ndefu huku ana shida moyoni.

Ni mwezi wa pili tangu tukurudishe nyumbani Vihiga. Mama amerudi kwenye kibanda chake cha mitumba sokoni Toi. Anauza, anaongea na wateja, akifika nyumbani ananyamaza. Kiti chako kimejaa nguo za kupigwa pasi. Nami nimebaki na tangi lako la maji ya chumvi, lile uliloachiwa na tajiri wako alipohama, ambalo bado linakula robo ya chumba. Stima ikipotea nakaa pale nikichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani ili samaki apate hewa, jinsi ulivyonifundisha. Na stima ya Kibera unaijua. Mkono unaniuma hadi begani.

Lakini si mkono unaoniandikisha barua. Baba, yule samaki wako mandarini anakonda kwa njaa, na mkosaji ni mimi.

Ulikuwa ukiniita nije nimwone akirukaruka chini ya mawe na ile rangi yake ya buluu na chungwa, kama leso ya Mama ya Krismasi. Ukasema, "Huyu hali cha sahani. Anajichumia." Vidudu anavyokula ni vidogo, macho hayavioni vizuri, na vinaishi kwenye uchafu wa mawe. Kwa hiyo ukanikataza: "Mawe usiguse." Basi, hukuongeza neno. Wewe na amri zako!

Ulipofariki, akina mama wa kanisa walituma ujumbe kwamba wanakuja kwa maombi. Unajua nyumba ya matanga inavyokaguliwa. Watakunywa chai, watalia nawe, na wakitoka wataongea juu ya vumbi. Nikaosha sufuria, nikaosha pazia, nikafika kwenye tangi. Mawe yalikuwa na utando wa kijani na kahawia. Niliyatoa yote, nikayaweka kwenye karai nje ya mlango, nikayasugua kwa brashi na maji ya mtungi mpaka yakawa meupe. Sikutia sabuni, nikajiona nina akili. Mama mmoja akasifu tangi lilivyong'aa. Ulikuwa hujamaliza siku mbili mochari, Baba, na mimi nilifurahi kusifiwa usafi.

Wiki ya tatu tumbo la mandarini likaanza kuingia ndani. Nilimpa uduvi. Nikamsagia omena. Nikambembeleza kama mtoto aliyekataa uji. Alipita juu ya chakula kana kwamba hakioni.

Jumamosi nilimtia kwenye ndoo, nikaifunika kwa leso, nikatembea naye hadi Kawangware kwa Mzee Shadrack, yule mliyekuwa mkisafisha naye matangi ya watu. Tangi lake lina mawe ya miaka mingi, machafu ajabu. Njiani nilipanga uongo wa kumwambia, kwamba samaki ni mgonjwa tu. Mzee akaliangalia tumbo lile mara moja.

"Uliosha mawe, si ndio?"

Nikaanza kuifunika ndoo tena kwa leso.

"Wacha kujisumbua, msichana. Hata buda yako aliosha. Mandarini wake wa kwanza alikufa hivyo hivyo, na alinificha wiki nzima."

Baba! Miaka yote hiyo nilidhani ulizaliwa ukijua.

Mazishini sikulia, nilikuwa nikigawa sahani. Nililia pale kwa Shadrack, nimeshika ndoo tupu, samaki wako tangini mwake akidonoa jiwe, akisonga, akidonoa tena. Shadrack hajaniahidi kitu. Anasema tungoje, huenda tumechelewa. Nililia kwa sababu ya samaki, na kwa sababu yako, na kwa hasira pia, nakuambia wazi. Ungeniambia tu kwamba nawe ulikosea, ningekusikia kuliko amri. Mimi ni mtoto wako, si mkaguzi.

Mawe ya hapa nyumbani yamo majini, na sitayagusa tena mpaka yajichafue yenyewe, hata kama ni mwaka. Akipona nitamrudisha kwako, namaanisha kwetu. Asipopona nitaanza upya.

Lala salama, Baba. Na siku nikimfundisha mtu kazi hii, nitaanza na kosa langu, halafu nitamwambia na lako.

Binti yako,
Kadenyi