Kwa Matrona, Aliyeijua Sindano ya Trefim

Mwaka umetimia, Matrona, tangu asubuhi ile ya Septemba moyo wako uliposimama kwenye ngazi za kliniki, funguo zikiwa mkononi na watu watatu wakikungoja mlangoni. Matangazo ya kumbukumbu kama haya huanza na sifa za marehemu. Zako zipo, tena tele. Lakini mdogo wako Agafia ametuwekea sharti: tuanze na wivu wake, la sivyo jina lake lisiandikwe hapa. Unamjua alivyo. Tumemkubalia.

Basi na ijulikane mto mzima, kuanzia mji wa Bethel mpaka baharini, kwamba Agafia alikuonea wivu.

Ulikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu kwa miaka ishirini na miwili. Ulisomea wiki chache tu Bethel, mengine ukafundishwa na daktari kwenye simu na watoto wetu wenyewe. Ulitafuna samaki mkavu ofisini mpaka kadi za chanjo zikanuka. Wazee uliwagombeza kwa kuruka dawa za presha, halafu jioni ukawapelekea supu ya bata bukini. Hukuzaa, na hukupenda kuulizwa.

Trefim, mtoto wa kwanza wa Agafia, alikuwa na siku kumi na mbili alipoanza kutapika na kukataa ziwa. Mama yenu Nastasia akasema ni gesi. Agafia akadhani maziwa yake yana kasoro, akajifungia kulia. Wewe ulimtazama mtoto mara moja tu.

"Huyu anapoteza chumvi," ulisema. "Nimeshaona wawili kama yeye hapa hapa kijijini."

Majibu ya damu aliyotolewa alipozaliwa yalikuwa bado njiani, ndege zimezuiwa na ukungu. Ukampigia daktari, ukamtundikia mtoto dripu, ukakaa naye mpaka ndege ilipoweza kutua. Baadaye daktari alieleza kwamba tezi zilizo juu ya figo zake hazitengenezi homoni za kutosha: chumvi inautoka mwili, na maradhi yakimvamia hana cha kumsimamisha. Ni vidonge kila siku maisha yake yote. Akipata homa, kipimo kinaongezwa. Akitapika na vidonge vikakataa kukaa tumboni, ni sindano ya paja papo hapo, maana akicheleweshwa anaweza kulala asiamke.

Agafia alikushukuru kwa mwezi mmoja, kisha akakuonea wivu kwa miaka minane.

Alikuwa na sababu zake. Mtoto akitoka shule alipitia kwako kwanza. Akianguka aliita "Mama Mkubwa!" hata kama mama yake amesimama pale pale. Ulimpa samoni wa chumvi aliyekuwa akimtamani mchana kutwa, akarudi kwao ameshiba, chakula cha mama yake kikalala. Ulimfundisha majina ya vidonge vyake kabla Agafia hajaweza kuyatamka.

"Mimi ndiye niliyemzaa, ati," alikuambia siku moja jikoni kwako. "Wewe kazi yako kufungua kisanduku cha dawa tu."

"Basi njoo ukifungue wewe." Ukamwekea mezani chungwa na bomba la sindano lenye maji. "Dunga."

Akaliinua bomba, akalirudisha mezani. Akalitupa chungwa kwenye ndoo ya samaki.

"Siwezi! Na unajua siwezi, ndiyo maana unafurahi!"

Ulilitoa chungwa ndooni, ukalisuuza, ukalimenya, ukampa nusu. Alilila kwa hasira.

Julai ya mwaka juzi Agafia na Trefim walikuwa kwenye kambi yao ya kuvulia samaki, kando ya mto, na Sergie, mume wa Agafia, alikuwa amekwenda kijijini kuchukua petroli. Siku tatu kabla, wanawake wa kambi mbalimbali wakitaniana kwenye redio za mawasiliano, Agafia alikuwa ametangaza, "Mwanangu hahitaji kliniki, anahitaji mama yake." Sasa Trefim akatapika. Akampa kidonge, kikarudi. Akampa kingine, nacho kikarudi. Redio ilikuwa karibu yake, juu ya sanduku la chai, na redio hizo hazina siri: kambi zote husikiliza. Ingembidi aseme "Dada, njoo" mbele ya watu wale wale. Akaona afadhali angoje kidogo.

Tunaliandika hili kwa sababu yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Alingoja karibu saa nzima, kwa wivu tu, mtoto akilegea mbele ya macho yake.

Midomo ya Trefim ilipokauka, na akaanza kumtazama mama yake kama mtu asiyemjua, Agafia akaikamata redio.

"Matrona! Matrona, njoo! Trefim anakufa!"

"Niko mbali, mdogo wangu. Sitawahi. Sindano si unayo kisandukuni? Utadunga wewe."

"Siwezi!"

"Shika chupa. Bonyeza kofia yake mpaka maji yaingie kwenye unga. Umebonyeza?"

"Ndiyo."

"Tikisa. Vuta yote ndani ya bomba. Paja, upande wa nje, katikati."

"Mkono unatetemeka, dada."

"Acha utetemeke. Paja haliendi popote. Dunga!"

Akadunga. Ulipofika na dripu, Sergie nyuma yako, Trefim alikuwa ameanza kuuliza kwa sauti ndogo kwa nini mama analia. Ukachukua redio ukasema, "Mmesikia nyote huko? Mama yake ndiye aliyemwokoa."

Tangu siku hiyo Agafia alitembea kifua mbele. Aliendelea kukuonea wivu, lakini kwa raha kidogo, kwa sababu ile siku ilikuwa yake.

Halafu ukafariki. Kwenye chakula chako cha siku arobaini Sergie alilia, na Sergie akilia hushindwa kufunga mdomo.

"Shemeji hakuwa mbali siku ile," alisema. "Nilikuwa naye botini. Tulimsikia jirani akisema redioni kwamba Trefim hajatoka hemani tangu asubuhi, tukaja mbio. Agafia alipoita, tulikuwa nyuma ya kona ya mto, dakika tano tu. Shemeji akaniambia nizime injini. Akasema, 'Akinisikia nakuja, hatadunga.' Alikuwa na sindano yake mkononi, tayari kabisa, kama ingeshindikana."

Agafia aliinuka, sahani ikamwanguka.

"Hata ile siku moja!" alilia. "Siku moja tu niliyokuwa nayo mimi, na yenyewe kumbe ilikuwa yake!"

Akatoka nje kwenye theluji bila koti. Hakulitaja jina lako majira yote ya baridi.

Aprili akajifungua mtoto wa kike. Hakuna aliyeuliza ataitwa nani: kwetu mtoto mchanga hupewa jina la aliyefariki karibuni, na marehemu hurudi ndani yake, na wewe ndiye uliyekuwa umetutoka. Mama yenu Nastasia akaja na kikombe cha maji ya kumdondoshea mtoto na kumpa jina. Agafia akamfunika mtoto kwa mikono miwili.

"Hapana, Mama. Akiitwa Matrona atakuwa Matrona. Mtamletea nguo mpya na minofu mizuri ya bata, Trefim atamwita Mama Mkubwa, na mimi nitakuwa wa pili tena, humu humu nyumbani kwangu!"

Siku sita mtoto alikaa bila jina. Tulimwita "huyu". Mama yenu alikuja kila asubuhi na kikombe chake, akarudi nacho. Siku ya saba binamu yenu Olinka akapiga simu kutoka Bethel. Naye alikuwa amejifungua.

"Nasikia jina la Matrona hamlitaki," alisema. "Basi mimi nalichukua. Alinipenda sana."

"Alikupenda wapi!" Agafia alifoka. "Alikuja kwako mara ngapi? Mara mbili! Mimi alinigombeza kila siku ya Mungu. Yule ni dada yangu. Tafuta marehemu wako!"

Akakata simu. Akageuka, uso umelowa.

"Mama, leta hayo maji."

Sasa una miezi mitano, Matrona, na meno mawili yanachomoza. Agafia anakunyonyesha na kukuita dada. Trefim anakubeba mgongoni na kukusimulia habari za shule. Juzi ulimchekea yeye kabla ya kumchekea Agafia, na Agafia akanuna mpaka jioni.

Tunaokukumbuka ni mama yako Nastasia. Shemeji yako Sergie. Olinka wa Bethel, ambaye amesamehewa nusu. Mwanao Trefim, na neno hilo "mwanao" limeandikwa kwa mkono wa Agafia mwenyewe. Pamoja na wote uliowahi kuwachoma sindano kando ya mto huu.

Sote tutakukumbuka siku zote. Agafia anasema yeye zaidi.