Kufuli la mlango wa nyuma

Shoga, nimetoka kwenye kumbukumbu ya moto wa kiwanda sasa hivi.

Baada ya ukimya akasimama mwenyekiti wa manusura, kama kila mwaka. Akasema yeye na marehemu dada yangu waliusukuma mlango wa nyuma kutoka ndani hadi wakachoka. "Ulikuwa na kufuli jipya la shaba."

La shaba! Kufuli lilikuwa nje, shoga. Aliye ndani angelionaje?

Nikamuuliza mbele ya umati: "Kaka, hiyo shaba uliionea wapi?"

Watu wakaguna. Shangazi akanivuta gauni: "Mwanangu, leo ni siku ya marehemu."

Yeye hakukasirika. Alinisogelea tu, akaninong'oneza, "Usiwaambie watoto wa dada yako."

Nao walikuwa nyuma yangu, wameshika mashada.