Gari Lililogoma Kukaa Chini

Alhamisi, Nachingwea. Jua kali, upepo wa vumbi tupu. Mgongo unauma ila leo nina la kuandika.

Wanaonisoma wanajua nilitoka Kasulu kuja kuchimba dhahabu Namungo, na kwamba kifua kilinikataa. Sasa nasaidia kwa Fundi Mbaraka, Mmakonde mwenye gereji hapa mjini. Ananiita Mwisho wa Reli, kwa kuwa kwetu Kigoma ndiko reli inakoishia, na wateja wamedaka jina. Jana alinipa kazi ya kwanza ya peke yangu, akasema wazi: ikienda vizuri nabaki, ikiharibika nirudi shimoni.

Shimoni sirudi. Siwezi.

Kazi yenyewe ni gari dogo la Shaibu, kijana wa Ruangwa anayenunua dhahabu. Alileta koilova, yaani shokapu zilizovaa springi, zenye ringi unayozungusha ili gari lipande au lishuke. Anataka gari lake lilale chini kama magari ya Dar. Njia yake ya kila siku ni ya Namungo, makorongo matupu. Hilo nalo ni lake.

Fundi alinielekeza: "Zile bolti za bushi usizikaze kwanza. Kaza likishakaa chini."

Na Shaibu naye neno lake lilikuwa hilohilo, likae chini. Basi nikafunga shokapu, nikazungusha ringi mpaka kimo alichotaka, nikaona limeshakaa chini. Nikakaza bolti zote kwa nguvu zangu, gari likiwa bado juu ya jeki, tairi zinaning'inia.

Asubuhi hii Shaibu alikuja, tukaliteremsha.

"Oya, mjomba, mbona mnyama bado kasimama? Anataka kuruka mtaro?"

Nikashika spana nizungushe ringi tena. Fundi akanizuia. Akakandamiza boneti kwa mikono miwili, gari likalia kama kitanda cha kamba.

"Ulikaza likiwa wapi?"

"Likiwa limekaa chini, fundi."

"Chini wapi?"

"Chini... kwenye jeki."

Shaibu alicheka mpaka akashikilia mlango. "Kumbe Kigoma chini yenu iko juu ya jeki!"

Fundi hakucheka. Chini, kwake, ni tairi zikanyage ardhi. Mimi nilizibana bushi, zile raba za kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika tairi, gari likiwa hewani, ndiyo maana zilikuwa zinalizuia kushuka. Bahati, lilikuwa halijatembea, raba zilikuwa nzima. Tukalipandisha, tairi zote zikikanyaga vipande vya mbao, nipate kupenya, nikalala juu ya boksi, nikalegeza bolti moja moja. Gari likashuka lenyewe, taratibu, hadi karibu na kifua changu. Nikakaza upya.

"Kosa ni la mdomo wangu na sikio lako," alisema Fundi. "Lakini Shaibu aende Namungo arudi. Likilia, unajua mwenyewe."

Nimeshinda nikiosha vyuma kwa dizeli huku nasikiliza kila gari linalopita. Aibu nilikuwa nayo, ila hofu ilizidi.

Alasiri Shaibu akarudi. Bampa amelichubua kwenye tuta na wala hajali. Fundi akakandamiza kona zote nne, akiwa ameinamisha sikio.

Kimya.

Fundi aliingia ndani, akatoka na ovaroli kuukuu, akanirushia.

Ni kubwa kwangu. Kesho nitaikunja mikono.