Ovaroli ya Karakana

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila paka wa jirani kazalia tena kwenye kapu la vitambaa, na Baba kakataa katakata ahamishwe.

Nimekubaliwa kozi ya umeme wa majumbani. Fomu ilitaka nichague: chuoni, mbali, nikae bweni, au mtandaoni, kwa simu, halafu vitendo nijitafutie fundi. Baba alisema, "Nenda chuoni, mwanangu. Umeme haushikwi kwa simu! Na ulivyo mkimya kama mtungi, huko utaota ulimi."

Shangazi, shuleni nilifundishwa kusema kweli kwa lugha mbili, na zote zimenigomea. Baba haoni vizuri tena. Kila asubuhi namtungia uzi kwenye cherehani na sindano kumi na mbili za mkono, kabla wateja hawajafika. Hakuna mwingine anayejua. Nikiondoka, nani atamtungia? Basi nikachagua mtandaoni. Maombi yamefungwa, siwezi kubadili. Baba anadhani naenda chuoni, na kila mteja anatangaziwa.

Jana kanishonea ovaroli ya karakana. Mguu mmoja kaushona ndani nje, mishono yote inaonekana. Akaniuliza, "Imekukaa?" Nikageuka mbele yake taratibu, nikajibu, "Imenikaa, Baba." Akacheka, akasema siku ya safari atanisindikiza mwenyewe hadi geti la chuo.

Siku hiyo ni Jumatatu, Shangazi. Sijui nitamwambia nini.

Ni mimi, binti wa kaka yako.