Walker wa Nani?

Baba,

Jiwe la kaburi lako bado halijachongwa. Fundi amepiga tena leo asubuhi kuuliza tunataka aandike jina gani. Mama alinipa simu, akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Ndiyo maana nakuandikia. Sina mwingine wa kumuuliza, na aliyetufikisha hapa ni wewe.

Nianze na siku ya mazishi. Kanisa lilijaa, Baba. Madereva wenzako wa mabasi walikuja na sare zao za kazi, wa Lewisham na wa Croydon, wakasimama wameegemea ukuta kwa kukosa viti. Kwaya iliimba kwa Kitaita wimbo ule uliokuwa ukiuimba ukinyoa ndevu. Nikalia mpaka nikashikwa mabega. Na hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba nilikulilia kwa moyo wote wakati bado sijui.

Baada ya ibada tulikuwa ukumbini tukigawa pilau. Bibi mmoja Mzungu, mwenye fimbo, alinijia akanishika mkono, akaniambia anaitwa Jean Walker. Nilidhani amefurahia tu kufanana kwa majina. Uingereza hii imejaa akina Walker. Hata darasani kwangu walikuwepo wengine, na hatukuwa na undugu wowote. Nikamwambia, "Na sisi pia ni Walker."

"Najua, mpenzi," akasema kwa upole. "Ni jina la baba yangu. Baba yenu alilichukua tulipooana."

Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika sahani. Alisikia kila neno.

Ulimwambia Mama zamani kwamba uliwahi kuoa kabla yake. Ndoa hukuificha. Jina ndilo ulilolificha.

Jean alikaa nasi, pilau ikipoa mbele yetu, akasimulia. Alisema ulipokuwa kijana London ukipiga simu kuulizia chumba, ukijitaja kwa jina la kwenu, Mwakio, unaambiwa kimeshachukuliwa. Yeye akipiga baadaye, akisema Walker, chumba bado kipo. Kwa hiyo mlipofunga ndoa, badala ya yeye kuchukua jina lako, wewe ulichukua lake. Baba yake, mtu wa Yorkshire, aliposikia Mwafrika anaitwa kwa jina lake, alikataa kumwona binti yake mpaka akaingia kaburini. Na mlipoachana, Jean alikuomba uliache. Ukamjibu umeshapata kazi nalo.

"Sikuwa na kinyongo," alituambia. "Nilifikiri tu kwamba watoto wake atawaambia amelitoa wapi."

Hukutuambia. Ulituambia mengine.

Ulituambia Babu alitembea kwa miguu kutoka kwao Wundanyi mpaka Mombasa kutafuta kazi ya reli, na bwana mkubwa wa Kizungu alipoona vumbi miguuni mwake akastaajabu, akasema, "Huyu ni mtembeaji kweli!" akamwandika Walker. Ulilisimulia hilo vizuri mno. Ulikuwa ukiinuka kwenye kiti na kutembea sebuleni ukichechemea kwa uchovu wa Babu, na sisi wanao, mimi na Daudi, tukikufuata nyuma kwa mstari, kutoka televisheni mpaka jikoni, tukifika Mombasa.

Unakumbuka mwalimu alipotutaka kila mmoja aeleze maana ya jina la ukoo wake? Nilisimama nikaeleza safari ya Babu, darasa zima likanipigia makofi. Kisha mwalimu akasema, si kwa ubaya, kwamba kwa Waingereza Walker hakuwa msafiri. Zamani, kitambaa cha sufu kikitoka kufumwa kilitiwa kwenye hodhi lenye maji na mkojo uliochacha, na mtu akakikanyagakanyaga kutwa nzima mpaka nyuzi zishikane. Huyo mkanyagaji ndiye waliyemwita Walker huko kaskazini. Kusini kazi hiyo hiyo ikawapa watu jina la Fuller, na magharibi Tucker. Watoto walicheka kusikia habari ya mkojo. Nilirudi nyumbani nikilia, ukanipakata, ukasema, "Hao ni Walker wa kwao. Sisi ni wale tuliotembea."

Nilikuamini kuliko mwalimu.

Wiki ya kuzika ilipopita nilimpigia Shangazi, dada yako. Sikumshutumu. Nilimuuliza tu kama ni kweli Babu alikwenda Mombasa kwa miguu.

"Nani alikwambia hivyo, mwanangu? Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Mguu mmoja ulikauka tangu utotoni. Hata sokoni alipelekwa kwa baiskeli, na Mombasa hakuwahi kuiona."

Kisha akaniambia ulimwahidi Babu kwamba jina la Kizungu ni la kazini tu, ukirudi utalivua kama koti. Babu alifariki kabla Mama hajakanyaga Wundanyi, na kwa hiyo hakuwepo tena kukukanusha. Wote kule ni Mwakio, na Mama ulimwambia Babu alilitumia Walker kwenye reli peke yake, nawe mwanawe wa kwanza ukalirithi. Kila tundu ulikuwa umeliziba, Baba.

Nimejiuliza kwa nini linaniuma hivi. Si kwa sababu ya vyumba. Ungeniambia habari ya vyumba, ningekuheshimu zaidi. Nami nimetafuta nyumba London, najua sauti ya mtu hubadilika vipi akisikia jina langu la kwanza. Ningelibeba jina la Jean kichwa juu. Lakini ulimchukua baba yako mwenyewe, mtu wa mguu mbovu aliyekaa kwenye cherehani akawasomesha nyote, ukaona hatoshi. Ukamtungia miguu mingine. Umenifanya nimpende babu ambaye hakuwepo, na yule aliyekuwepo sikumjua hata kwa kazi yake.

Na Mama. Siku aliyorudi kazini hospitalini alikaa kitandani na beji yake mkononi. Akaniambia, "Miaka yote hii wagonjwa wananiita Nesi Walker, nami naitika. Kumbe naitikia jina la mke mwenzangu." Hakulia. Afadhali angelia. Alikubali kuacha jina la baba yake kwa ajili yako, akidhani anaingia katika ukoo wako.

Daudi hataki kusikia. Amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba waliokuzika wote walikujua kuwa Walker, kwamba yeye ni Walker na wanawe ni Walker, na hana jina lingine la kwenda kulichukua popote. Hakosei. Tumegombana hata hivyo, na tangu hapo hapokei simu zangu. Hilo nalo ni lako.

Mama alisema tuandike tunavyotaka, yeye hataenda kulisoma jiwe hilo. Kwa hiyo leo mchana nimempigia fundi mwenyewe. Nimemwambia aandike Mwakio, na jina lako la ubatizo mbele yake, basi. Wenzako wa mabasi wakija kukutafuta watapita mbele yako bila kujua ni wewe. Nawasikitikia wao. Wewe ulimwahidi Babu kulivua, nimekuvua.

Bado nakupenda, Baba, na hasira haijaisha. Vyote viwili vinakaa ndani yangu na havisalimiani.

Kwaheri sasa. Nakuahidi hivi: jiwe likishawekwa nitakuja kukuona, na nitaendelea kuja, hata siku nitakazokuwa sina neno jema la kukwambia. Hutakaa huko bila mtu. Ila maua usiyatarajie bado, na Mama usimngoje.

Mwanao,
Wakesho