Solo ya Magdalena

1 Machi

Mdogo wangu,

Mama amepoteza sauti. Ilimkatikia mazoezini Jumatano ya Majivu, kwenye sehemu ya nne ya muziki uliotuandikia wa Pasaka, pale Magdalena anapopanda kuimba "Nimemwona Bwana." Alifika kwenye noti ya juu, akafungua mdomo, pakatoka upepo. Nimeanza na hilo usije ukasema nilikuficha. Sasa salamu: hujambo? Kazi inaendeleaje? Sisi tunasukuma. Miguu inaniuma, cherehani sita zote zinataka mafuta, na nusu ya kanzu za kwaya hazijapindwa.

Daktari ameangalia koo. Hakuna ugonjwa, ni umri na kulazimisha. Sauti ya chini imesharudi. Ile ya juu amesema tuisahau.

Nani amemlazimisha? Wewe. Umemwandikia Mama wa zamani, yule aliyekuwa akifua uani huku akiimba mpaka majirani wanazima redio. Sasa ana miaka sabini na moja. Hukuuliza sauti yake imefika wapi, uliandika unachokumbuka. Naye hakukuambia. Mwanawe kamwandikia wimbo, ataanzia wapi kusema haumtoshi? Lakini nguo ikimbana mteja, fundi anafumua nguo. Hakati mbavu za mteja.

Ishushe.

Dada yako

9 Machi

Shikamoo Dada,

Pole na kazi, pole na miguu. Mpe Mama pole nyingi, mwambie asiguse maji baridi.

Kushusha haiwezekani. Okestra ya huku, mtakayokuja kuimba nayo Pasaka, wameshaanza mazoezi. Fidla, filimbi, tarumbeta, kila mtu ana karatasi zake. Isitoshe, noti ile ya Magdalena ndiyo mlango. Kwaya nzima inaingilia hapo kwa "Amefufuka." Nikiishusha, kwaya itaanzia shimoni.

Mwalimu wa chekechea, yule soprano wenu, anaifikia bila shida. Mpe yeye solo. Mama atakaa mstari wa mbele, mgeni wa heshima. Mwambie taratibu, wewe ndiye unayejua kuongea naye.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima? Sisi wazima wa kuchechemea.

Sikumwambia. Nilikwenda kwake nimejiandaa, maneno nimeyapanga, nikamkuta jikoni anamenya viazi huku anaiimba solo yako. Yote. Doh ni ileile, maneno yaleyale, mapigo yaleyale, ila ameishusha ngazi nzima, noti nane chini. Soh ya juu ameifanya soh ya chini. Nikakaa kwenye kibao nikamsaidia kumenya.

Juzi nikampa nafasi mazoezini. Niliogopa kwaya itapotea pale kwenye mlango wako. Lakini sisi tunasoma sol-fa, noti kwa majina yake, hatusomi mistari yenu. Soh ni soh, iwe darini au chini ya kitanda. Soprano waliichukua noti kwake huko chini, wakapanda nayo. Hakuna aliyepotea. Fundi bomba wetu wa bezi, mtu asiyesifu hata chai ya mkewe, akasema, "Hapo mwili umenisisimka, jamani." Mwalimu wa chekechea alinirudishia karatasi yake. "Dada, baada ya huyo mimi siimbi. Nitaonekana napiga mswaki."

Kwa hiyo karatasi za okestra zibaki zilivyo. Huna hata noti moja ya kufuta. Unasemaje?

Dada yako

27 Machi

Shikamoo Dada,

Samahani kwa kimya. Mazoezi yananimaliza, na tarumbeta wawili hawasemezani. Hamjambo huko?

Nimeipiga kwenye kinanda kama ulivyoeleza. Kimuziki inakubali, sitakudanganya. Lakini Dada, hii ni habari ya ufufuo. Haitangazwi kwa sauti ya kukwaruza. Kanisa limejaa, wanasubiri mwanga, halafu wamsikie bibi mzee aliyechoka? Nimepata mwimbaji huku na amekubali. Najua utakasirika. Mama msimwambie kwanza. Mje tu, tutaona mkifika.

Mdogo wako

29 Machi, Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sina nguvu za kukasirika. Nimesimama na pasi tangu tulipotoka kanisani.

Kila siku Mama ananiuliza, "Limekuja jibu?" Leo nimechoka kudanganya. Nikamsomea barua yako neno kwa neno, na huyo "bibi mzee aliyechoka" nikamsoma, sikumruka.

Aliendelea kukunja kanzu. Halafu akaangua kicheko mpaka akakohoa.

"Muulize msomi wangu," akasema, "huyo Magdalena siku hiyo alikuwa anatokea wapi? Harusini? Ijumaa kalia msalabani, Jumamosi kalia ndani, Jumapili hakujakucha kaenda kulia kaburini. Hiyo sauti nyororo angeiazima kwa nani?"

Nikacheka na mimi. Yeye akaacha.

"Baba yenu alipofariki," akasema, "nilikaa karibu mwezi natoa mkwaruzo. Mdogo wako alizika akaondoka jioni ileile, ana mtihani. Simlaumu. Ila ndiyo maana hajui mfiwa anavyoongea."

Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo naimba?"

Nikamwambia ngoja kwanza, pasi inaunguza. Haikuwa ikiunguza chochote.

Sikiliza basi. Mimi sikusoma muziki kama wewe. Kwaya hii niliianza na watu wanne, na leo tuko arobaini na nane, na wote wamemsikia. Huyo mwimbaji wako ataimba vizuri, watu watapiga makofi, watakwenda zao kula. Mama akiimba, mle ndani kila aliyewahi kuzika mtu atajua kwamba mwanamke huyu kweli ametoka kaburini. Ukitaka nyimbo nzuri ziko nyingi. Wewe ulisema unaandika Pasaka.

Mazoezi yetu ya mwisho kabla ya safari ya kuja huko ni Alhamisi Kuu saa nane mchana, na Mama huwa wa kwanza kufika, anasimama mahali pake akisubiri wengine. Nataka jibu kwa basi la siku hiyo, kabla ya saa sita. Usiniletee "tutaona," wala habari za tarumbeta. Anaimba au haimbi? Kama anaimba, niandikie mimi, neno moja linatosha. Kama haimbi, mwandikie yeye, kwa mkono wako, umweleze kwa nini.

Dada yako